Wakaidi wa Bonde la Mizoga

Profesa Abdykalyk aliinua sahani ya kioo, akaitazama kwenye mwanga wa dirisha la maabara huku amefinya jicho moja, kisha akairudisha mezani kama mtu aliyeletewa chai iliyopoa.

"Madoa mawili matatu," alisema. "Sairakul, bibie, hivi madoa mawili matatu ndiyo yanakukosesha raha?"

"Ndiyo," alisema Sairakul.

"Udongo wenyewe ulikuwaje ulipoanza? Si sahani nzima ilikuwa imejaa mpaka huoni pa kuweka kidole?"

"Ilijaa."

"Haya! Sasa shukuru Mungu ule chakula cha mchana."

Tuelewane mapema hapa, maana jambo hili watu walilisikia nusu nusu, na hiyo nusu ndiyo iliyoleta balaa. Kijidudu cha kimeta kikiwa ndani ya damu ya ng'ombe ni kiumbe dhaifu tu, hata dawa ya kudekia sakafu inakimaliza. Lakini damu ikimwagika, kikapigwa na hewa, kikaona chakula kimekwisha, kinajifunga. Kinajivika koti juu ya koti, kinajikamua maji, kinanyamaza. Hakili, hakipumui, hakizeeki. Hapo ndipo kinapoitwa spora. Ichemshe kidogo, igandishe, ianike juani: wapi! Itakaa udongoni mtu azaliwe, aoe, azikwe, na yenyewe ipo vilevile, inasubiri iingie tumboni mwa mnyama. Ikishaonja damu, ikajua chakula kipo, inavua makoti yote kwa muda mfupi kuliko wa kuchemsha chai, na kazi inaanza upya.

Kazi ya Sairakul, aliyoifanya tangu nywele zake zikiwa nyeusi zote, ilikuwa kuzidanganya. Alikuwa amegundua mchanganyiko wa vionjo, vitu vilevile ambavyo spora huvionja ndani ya damu, akavikoroga majini. Ukiumwaga mchanganyiko huo kwenye udongo wenye joto, spora zinadhani zimefika nyumbani. Zinaamka, zinavua makoti. Kesho yake unapita na dawa nyepesi, unaziua zikiwa uchi. Ni jambo zuri mno, na lilikuwa lake.

Ila kulikuwa na wakaidi, hayo madoa yaliyobaki kwenye sahani. Spora chache, ndugu kabisa na hizo nyingine, ambazo ukizipa vionjo hazishtuki. Mwagia leo, mwagia kesho, zimelala tu. Sairakul alijua sababu: zilikuwa na pua chache za kunusia chakula, kwa hiyo zilihitaji harufu kali zaidi ili ziamke. Harufu ya kweli. Na harufu ya kweli iko mahali pamoja tu, ndani ya mnyama.

"Niongezee msimu mmoja wa joto," alimwambia profesa. "Nibadilishe mchanganyiko. Hawa wakaidi nitawapata."

"Mkuu wa mkoa ameshapanga siku ya kuondoa uzio," alisema profesa. "Hema limeshakodiwa. Mimi nitasema kimeta kimepungua kwa kiasi ambacho hakijawahi kuonekana nchi hii. Nikisema hivyo nimesema uongo?"

"Hujasema uongo. Lakini wao watasikia kimekwisha."

"Watakachosikia ni shauri la masikio yao," alisema, akavaa kofia yake akaondoka.

Uzio wenyewe ulikuwa Oluk-Sai, Bonde la Mizoga, nyuma ya kijiji alikozaliwa Sairakul, kule juu milimani. Enzi za shamba la umma ng'ombe walikufa kwa kimeta, wakafukiwa humo kwa chokaa na haraka, ukazungushwa waya wenye miiba, na mlango ukafungwa. Kila kiangazi nje ya waya palibaki vumbi na mawe, na ndani majani yalisimama mpaka kiunoni. Wafugaji walipita wakitazama na kumeza mate. Hakuna aliyewahi kuona kijidudu cha kimeta kwa macho yake, lakini majani waliyaona kila siku.

Ndiyo maana Sairakul alipochagua bonde hilo kujaribia dawa yake, kijiji kizima kilimpokea kama bibi harusi. Mdogo wake, Beishen, alimbebea mapipa ya mchanganyiko kwa farasi. Majirani walikaa mlimani wakimtazama akimwaga pipa baada ya pipa, na mama yao, Kalyicha, aliwaletea chai ya maziwa na vitumbua vya mafuta ya kondoo hadi kwenye waya.

"Unawalisha hao wadudu vizuri kuliko unavyojilisha mwenyewe," mama alimwambia. "Hebu itazame hiyo shingo. Kama ya kuku aliyenyeshewa."

"Mama, nikiwashibisha wanakufa."

"Basi mimi nimekukosea. Ningekushibisha wewe mdogo nisingehangaika hivi." Akacheka mpaka akashika mbavu. Alikuwa mama wa kucheka, yule. Hata akikugombeza unaona anajizuia.

Sasa bonde lilikuwa linafunguliwa, na wakaidi walikuwa bado wamo. Sairakul alimpigia Beishen simu siku hiyo hiyo.

"Usiingize ng'ombe," alimwambia. "Wakifungua, wewe usiingize."

"Dada, nipe neno moja. Kimekufa, hakijafa?"

"Nyingi zimekufa. Kuna zilizobaki."

"Ngapi?"

"Sijui."

"Hujui! Umesoma mpaka miwani imekua minene kama chini ya chupa, halafu hujui." Alikuwa anatania, lakini si sana. "Sikiliza. Wewe maziwa yako yanatoka kwenye boksi. Mimi ng'ombe wangu jana wametafuna koti la mama lililokuwa kwenye kamba. Profesa wako mwenyewe kasema pamesafika. Profesa ni wewe au yeye?"

"Ni yeye."

"Ehe."

Alikata. Sairakul akabaki ameishika simu, hasira zimempanda. Mtu umebebwa mgongoni na dada yako ulipokuwa na surua, leo unamwambia ehe!

Siku ya sherehe alikwenda. Hakualikwa, alipanda gari la taasisi akakaa kiti cha nyuma, na profesa akajifanya hamuoni. Hema la sufi nyeupe lilisimamishwa mbele ya waya, maziwa ya farasi yakamiminwa, farasi wakapambwa. Mkuu wa mkoa akazungumza. Profesa akazungumza, na kweli kabisa hakusema neno "safi" hata mara moja. Alisema "kupungua kusiko na mfano," na watu wakapiga makofi kabla hajamaliza sentensi. Mkuu wa mkoa ndiye aliyesema kwamba sasa bonde ni mali yao na ng'ombe wao, na profesa akaitikia kwa kichwa akitabasamu.

Sairakul akasimama.

"Bado zimo," alisema kwa sauti. "Dawa ni yangu, naijua. Spora zilizobaki ni zile ngumu kuliko zote. Mwaka wa mvua zitakuja juu. Ngoja nimalize kazi. Msimu mmoja tu!"

Kisha mzee mmoja akauliza, kwa upole kabisa, "Binti, yaani umemwaga dawa yako miaka yote hii na haikufanya kazi?"

Watu wakacheka. Sairakul akatafuta jibu la neno moja, na jibu la neno moja halikuwepo. Beishen alikuwa mstari wa mbele, uso umemwiva kwa aibu.

"Kaa chini, dada," alisema. "Umechoka na safari."

"Sijachoka."

"Kaa chini, bwana! Kila mwaka msimu mmoja, msimu mmoja. Bonde likifunguliwa wewe kazi huna, si ndiyo? Sema basi, watu waelewe."

Loo. Hapo hata waliokuwa wakicheka waliacha. Mama alikuja akamvuta dada mtu mkono, akamkalisha kwenye zulia pembeni yake, akamfunika magoti kwa shali kama mtoto.

"Mwache," alinong'ona. "Mtamalizana nyumbani. Usimuumbue mdogo wako mbele za watu."

"Yeye ndiye kaniumbua mimi, mama."

"Najua. Wewe ndiye mkubwa." Na mkono wake haukuachia.

Waya ulikatwa. Ng'ombe waliingia wakikimbia, na watoto nyuma yao.

Kuanzia siku hiyo ndugu hawa wawili hawakusemezana. Kule mjini profesa alimhamishia Sairakul kwenye chumba cha kufundishia wanafunzi kuosha vyombo vya maabara, na sahani zake zenye madoa zikachomwa kwenye tanuri, maana utafiti umeshakamilika, za nini tena? Alisikia kutoka kwa mama kwamba ng'ombe wamenenepa, kwamba Beishen amenunua farasi wa pili, kwamba kijijini jina la Sairakul likitajwa watu wanacheka kidogo. "Lakini bila ubaya," mama alisema. Mwaka ukapita hivyo. Kuna siku Sairakul mwenyewe alijiuliza kama si kiburi tu kilichokuwa kinamsumbua, akatamani akosee. Kwa nini asitamani? Nani anataka kushinda kwa kufiwa?

Kisha mvua kubwa ikanyesha mapema kiangazi, ikafumua kingo za bonde, na baada yake jua kali.

Beishen alitokea mlangoni kwake mjini siku ya mapumziko, bila kupiga simu, amevaa kofia ya sherehe, na kifurushi kimefungwa kwa kitambaa cheupe cha mama. Alisimama kama mwanafunzi aliyechelewa.

"Mama kasema nisirudi nyumbani mpaka nikae kwako ninywe chai," alisema. "Nimekuletea fungu lako."

Sairakul alitaka kumnunia, akashindwa. Fungu la mkia ni la binti wa nyumba. Akipewa mwingine, ni kama kusema binti huyo hayupo duniani. Mwaka jana walipochinja hakuletewa, na alilia peke yake jikoni. Basi sasa Beishen ameleta, kwa mikono yake miwili, na kwa watu hawa huko ndiko kuomba msamaha, hakuna kwingine.

"Ingia, mjinga wewe," alisema. "Vua viatu."

Akaweka maji ya chai. Akatoa mkate, jamu, siagi. Beishen alikaa akaanza kuongea haraka haraka, kama mtu aliyefunguliwa kizibo: habari za farasi, habari za mvua, mtoto wa Uulkan jirani amejifunza kutukana.

"Na mmechinja kwa sherehe gani?" Sairakul aliuliza, akifungua kitambaa.

"Hamna sherehe. Yule ng'ombe mwekundu, mkubwa. Asubuhi alikuwa mzima kabisa, mchana akaanza kutetemeka, akalala chini. Nikaona huyu anaondoka. Nikakimbilia kisu, nikamuwahi akiwa bado anapumua, nikasoma bismillahi. Ningemwacha afe nyama iwe haramu? Ng'ombe mzima vile?"

Nyama ilikuwa nyeusi. Damu iliyotota kitambaani haikuwa imeganda, ilikuwa nyepesi kama maji ya matunda. Sairakul aliirudisha mezani polepole sana.

"Beishen. Wengu lilikuwaje?"

"Limevimba, jeusi. Nikawatupia mbwa." Akanyoosha mkono kuchukua mkate, na mkono wa shati ukapanda. Juu kidogo ya kifundo palikuwa na kidonda, katikati cheusi kama kaa la moto lililozimika, pembeni pamevimba. Aliona dada yake anakitazama. "Ah, hiki? Inzi kaniuma. Hata hakiumi."

"Hakiumi," alisema Sairakul.

"Hata kidogo."

Alisimama, kiti kikaanguka nyuma yake. "Nani kala?"

"Vipi?"

"Nakuuliza nani kala nyama hii!"

"Watu wote! Tungekula peke yetu? Nimegawa kila nyumba mtaa wetu wa chini, mama ndiye aliyenihimiza, kasema Mungu katuokolea nyama, tusiwe wachoyo." Sasa alikuwa ameanza kuelewa, rangi ikimtoka usoni. "Dada. Si tumechemsha, tena sana."

"Matumbo kasafisha nani?"

Beishen aliurudisha mkate mezani.

"Kasafisha nani, Beishen?"

"Mama. Mfereji wa nyuma. Na ini alikaanga yeye, unamjua, lazima aonje kabla halijaiva." Sauti ilikuwa imekuwa ndogo. "Jana alisema tumbo linamkata kidogo. Kasema ni uzee."

Sairakul alikuwa tayari ameshika simu. Aliita daktari wa wilaya, akataja nyumba, akataja mtaa, akasema kimeta, akarudia kimeta, akamtukana yule aliyekuwa upande wa pili mpaka akaamini. Kifurushi alikitia kwenye ndoo akakimwagia dawa. Akampeleka Beishen hospitali, akachomwa sindano, akafungwa bandeji, wakapanda gari la kukodi kuelekea milimani. Njiani Beishen alisema, "Nilimuwahi akiwa hai, dada, wallahi," na Sairakul akatazama nje. Alikuwa anafikiria ile damu. Ng'ombe angejifia mwenyewe bila kukatwa, vijidudu vingi vingemwozea tumboni bila kupata hewa. Kisu ndicho kilichovitoa nje. Sasa uani kwa mama yake udongo umekunywa spora mpya kwa mamilioni, kazi yake ya maisha imerudishwa na ziada, kwa mkono wa mtu aliyemsomea mnyama bismillahi.

Walimkuta mama wodini. Alikuwa anajua watu bado. Alimtazama Sairakul, akamtazama Beishen, akauliza, "Mmekunywa chai?"

"Tumekunywa, mama," walisema pamoja.

"Haya," alisema, akafumba macho. Dawa zilikuwa zimechelewa. Alifariki kesho yake kabla ya adhuhuri.

Basi sasa sikia uchungu. Maiti wa kimeta haoshwi. Hafunuliwi, hapelekwi nyumbani, halazwi hemani binti zake wakamlilia na wanawake wa ukoo wakamwosha kwa maji ya uvuguvugu kama inavyopasa. Anatiwa kwenye sanduku lililozibwa, anafukiwa kwa chokaa chini na chokaa juu, na wanaomzika ni wanaume wa afya waliovaa mavazi ya plastiki. Sheria hiyo Sairakul aliijua kwa moyo. Yeye mwenyewe aliwahi kuwafundisha wengine.

Gari lililobeba maiti lilipofika kwenye lango la nyumbani, wanawake walikuwa wamejaa uani. Hema limesimama, sanda imekatwa, maji yako motoni. Sairakul alishuka akasimama langoni.

"Hashuki," alisema. "Anapitiliza makaburini. Nisameheni. Haoshwi."

"Unasema nini wewe?" alisema Uulkan. Mwanawe alikuwa wodini na homa, naye mikono yake ilikuwa imekunjwa tayari kwa kuosha. "Kalyicha, aende kwa Mola wake na jasho la hospitali? Kalyicha aliyeosha maiti wa nusu ya kijiji hiki?"

"Ni kimeta, shangazi. Ukimgusa unakwenda nacho kwa watoto."

"Kimeta!" Uulkan alikuja mpaka karibu. "Miaka yote hii tumeishi hapa na bonde letu, nani aliugua? Wewe ndiye uliyekuja na mapipa. Ulituambia mwenyewe, unawapa chakula wapate kuamka. Si maneno yako? Wameamka! Umemuua mama yako kwa dawa yako, halafu unatuzuia hata kumwosha!"

Wanawake wengine wakaanza kupaza sauti. Sairakul akageuka kumtafuta Beishen. Alikuwa ameshuka upande wa pili wa gari, amesimama na wanaume. Yeye ndiye aliyejua. Alijua kuhusu kisu, wengu, mfereji, mafungu ya nyama yaliyoingia kila nyumba. Neno moja lake lingetosha.

"Mwambie," Sairakul alisema. "Beishen, waambie ilivyokuwa."

Watu wakageuka wamsikilize. Beishen alitazama viatu vyake.

"Mapipa nilibeba mimi," alisema. "Nilimwona akiwamwagia hao wadudu. Kwa macho yangu."

Hakusema zaidi. Hakuna aliyemuuliza zaidi.

Walimzika Kalyicha na dua fupi, watu wamesimama mbali. Baadaye, chokaa ikiwa bado inafuka, Beishen alimfuata dada yake kwenye gari. Alilia waziwazi, makamasi yakimtoka kama mtoto.

"Ningesema nini? Nikisema ni kisu changu, nani atanipa mkono hapa? Mtoto wa Uulkan akifa? Wewe una mji, dada. Mimi nitaishi nao hawa mpaka nizikwe."

Sairakul alitoa vidonge mfukoni akamtia mkononi. "Umeze vyote. Hata ukijiona mzima, maliza."

"Nitamaliza."

"Na uani, pale ulipochinjia, usiguse. Watakuja na dawa." Kisha akageuka, kwa sababu kengele zilikuwa zinalia barabarani. Mume wa Uulkan alikuwa anaswaga ng'ombe wake kuelekea Oluk-Sai, na nyuma yake jirani mwingine na wake, na katikati yao wale wa Beishen.

"Wanakwenda wapi?" aliuliza.

"Wamekaa wakazungumza," alisema Beishen. "Wamesema kama ni dawa yako ndiyo iliyofanya, basi mvua imeshaiosha. Majani hayana kosa."

Alimshika mdogo wake bega, kwa nguvu mpaka akakunja uso. "Wazuie. Mimi hawanisikii, wewe watakusikia. Kimbia uwaambie kweli. Sasa hivi, Beishen. Mama hata hajapoa."

Beishen aliwatazama ng'ombe wakipita. Mume wa Uulkan alimpungia mkono, akampa pole kwa sauti kutoka kule barabarani, na Beishen akamjibu kwa kuinua wake. Kisha akashusha mkono wa shati mpaka ukafunika bandeji.

"Niwaambie nini?" alisema.